Akaunti Yenye Kufuli Tatu

Katika darasa letu la programu za kompyuta pale mjini Morogoro, mtu mzima nilikuwa peke yangu. Wenzangu walikuwa vijana waliomaliza kidato cha nne juzi tu, na mwalimu alikuwa rika la mwanangu wa kwanza. Aliingia na "Mambo vipi, darasa?", na mimi nikiwemo humo humo. Shikamoo yangu sikuipata, nikameza.

Kazi ya mwezi wa kwanza ilikuwa kuandika programu ya akaunti ya benki. Atakayeshindwa, mwalimu alisema, atahamishiwa kundi la kuchapa barua. Alisema hivyo akiniangalia mimi. Moyoni nikajibu, hapa sihami.

Wazo lenyewe halikunisumbua, mimi ni fundi cherehani. Unachora umbo la akaunti mara moja: lina jina la mwenyewe, lina salio, linajua kuweka na kutoa. Kisha kwa umbo hilo unatoa akaunti ya huyu na ya yule, kama ninavyokata sare za shule kwa karatasi moja. Siku ya tatu akaunti yangu ikawa inafanya kazi. Nikamwita mwalimu kwa sauti ambayo, nakiri, ilikuwa na maringo.

Aliinama kwenye kompyuta yangu akaandika mstari mmoja tu: salio ni milioni kumi. Hakuweka hata senti, na akaunti ikakubali.

"Mama, nimeshakuwa tajiri kwenye benki yako," akasema. Darasa zima likacheka. Akanipa mpaka Jumatatu.

Nilirudi nyumbani Bigwa nimefura kwa hasira. Jumamosi kikoba chetu cha wanawake kikakutana. Sanduku letu la akiba lina kufuli tatu, funguo zinakaa nyumba tatu tofauti, na mimi ndiye mshika ufunguo wa pili. Tulipofungua, mwenyekiti akauliza kama kawaida, "Wiki iliyopita tulifunga na ngapi?" Tukataja sote kwa pamoja, maana kila mmoja lazima alijue salio kwa kichwa. Mwenzetu mmoja aliyeona mvua inashuka mlimani akaharakisha, akapeleka mkono atumbukize pesa yake mwenyewe sandukuni.

"We! Toa mkono!" tukamkemea. "Pesa ipite mezani, ihesabiwe kwanza!"

Hapo nikaliona kosa langu. Salio tunalijua wote, lakini hakuna anayeligusa. Miaka yote nimeshika ufunguo, halafu nimekwenda kujenga benki isiyo na mlango!

Jumatatu nililificha salio ndani ya umbo, asilifikie mtu wa nje. Nikaacha njia tatu tu: kuweka, kutoa na kuuliza. Mwalimu akaandika mstari wake wa milioni kumi. Kompyuta ikakataa. Akajaribu kutoa zaidi ya kilichomo, ikakataa. Akajaribu kuweka kiasi kilicho chini ya sifuri, na hapo pia nilikuwa namsubiri. Akavuta kiti akakaa, vijana wakajaa nyuma yake, na kila alipogonga alirudishwa mezani.

"Nani amekufundisha hivi?" akauliza mwishowe.

"Wanawake wa Bigwa," nikasema, na fahari ya siku ile ninayo mpaka leo.

Kesho yake alipoingia hakuanza na darasa. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu," nikaitikia, kwa sauti ya kuwafikia hata wa nyuma kabisa.