Mafuta Mekundu

Juzi asubuhi nilikuta mawese yameganda kwenye chupa dirishani, nikamkumbuka Baba.

Mchana mmoja, nilipokuwa mdogo, alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya boti ya bosi wake, ufukweni mwa ziwa, Rumonge. Alibonyeza kitufe cha kuinua mguu wa mashine, ule wenye propela, lakini haukupanda. Pampu ililia tu kama nyuki.

"Binti, niletee ile mafuta nyekundu."

Alitaka mafuta ya pampu. Mimi nilijua mafuta mekundu ya jikoni tu, nikamletea mawese kikombeni. Petroli ilinuka kuliko vyote, naye akamimina bila kugeuka. Mguu ukapanda. Nilipiga makofi.

Kwa baridi ya alfajiri iliyofuata mawese yaliganda ndani ya pampu. Baba alipoegesha boti Minago mguu haukuinuka, propela ikavunjikia kwenye mawe ya ufukweni. Bosi alifungua pampu, akanusa, akauliza nani kaweka mawese.

Baba alinitazama. "Ni miye," alisema.

Alifukuzwa palepale, na mpaka kufa kwake alisukuma baiskeli za mihogo. Nami nilimnunia wiki nzima, kwa kuniibia sifa yangu ya kuupandisha ule mguu.