Magadi kwenye Mabingobingo

Mume wangu alipopunguzwa kazi kiwandani Nyakato, miaka ile viwanda vilipokuwa vinabinafsishwa, tuliuza ng'ombe wote. Nyuma ya nyumba yetu Butimba ukabaki mtambo wa bayogesi, shimo la matofali lisilo na samadi ya kulishwa. Gesi ikaisha, nikarudi kwenye kuni. Sasa mama mkwe, tuliyekuwa tunaishi naye, alikuwa na pumu. Nikiwasha tu moto, kifua chake kinaanza kupiga filimbi. Mume wangu akaamua kumpeleka kwa shemeji yangu Bukoba, kwa meli, mwisho wa mwezi.

Mimi sikutaka hata kusikia. Yule mama nilimpenda, siku nyingine kuliko mwanawe.

Mabingobingo tuliyokuwa tunawakatia ng'ombe yalikuwa bado yamesimama uani, marefu kunizidi. Nikajiuliza: ng'ombe anakula majani, anatoa samadi, samadi inatoa gesi. Kwani lazima tumpitie ng'ombe? Nikayakata kwa panga, nikayatumbukiza shimoni. Wapi! Yakaelea juu, gesi hakuna. Mume wangu akacheka mpaka akashika ukuta. "Mke wangu, umeamua kuwa ng'ombe?"

Nikanuna, lakini swali halikuniacha. Ng'ombe hutafuna, humeza, hucheua, hutafuna tena. Mimi nilikuwa nimeiruka kazi yote hiyo. Nikiwa bado nawaza, nikatia magadi kwenye sufuria ya maharage makavu ili yalainike. Mkono ukasimama hewani. He! Kama magadi yanalainisha maharage, haya majani yana ubishi gani?

Nikayakatakata madogo, nikayatwanga kwenye kinu, nikayaloweka kwenye pipa na magadi kidogo. Yakalegea, yakanuka mpaka jirani akauliza tumeficha nini. Nikamwomba huyo huyo samadi kidogo ya ng'ombe wake iwe kama hamira, nikachanganya, nikawa namimina shimoni kidogo kidogo. Kila asubuhi nafungua bomba, nanusa.

Siku ya safari, mizigo ya mama ikiwa tayari mlangoni, nilijaribu tena kiberiti. Moto wa bluu ukashika.

"Mama! Njoo uone!"

Akaja, akasimama kando ya jiko muda mrefu, akivuta pumzi bila shida. Kisha akakaa kwenye kigoda, machozi yakamtoka.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilidhani moshi ni kisingizio. Nilijua mmenichoka tu."