Mwaka Niliomtafutia Binti Yangu Shule

Mke wangu alifariki binti yetu akiwa na miaka minne. Kati yetu wawili, yeye ndiye aliyekuwa msomi. Alisoma sekondari kwao Bukavu, Kongo, mpaka mwaka wa nne. Mimi niliacha shule darasa la nne la msingi, nikaingia karakana ya baba yangu hapa Kamembe, upande wa Rwanda, kujifunza useremala. Kila kitu cha karatasi nyumbani kwetu kilipitia mikononi mwake: barua, risiti, kadi ya kliniki ya mtoto, tangazo la mtaa. Siku zile za mwisho, akiwa amelala ubavu kwa sababu mgongo ulimchoma, aliniambia, "Huyu mutoto asome. Umutafutie shule ya muzuri." Nikaitikia. Sikumuuliza shule nzuri inajulikanaje, na baadaye nilijuta sana kutouliza.

Mtoto alipotimiza miaka sita nilijua siwezi kuahirisha tena. Chekechea ya mtaani alikuwa ameimaliza, lakini mwalimu wake aliniambia kwamba hajawahi kumsikia akisema sentensi nzima. Nyumbani tulisema Kiswahili, kule walisema Kinyarwanda, naye tangu mama yake afe alikuwa amepunguza maneno kotekote. Shule ya serikali iliyo karibu nasi ilikuwa na watoto wengi mno katika darasa moja. Niliogopa kwamba mtoto asiyesema angeweza kukaa humo miaka sita bila mtu kugundua kama yupo.

Niliwauliza wenzangu wa karakana. "Oa kwanza," mmoja aliniambia huku akipiga msasa mguu wa kitanda. "Ukipata mwanamuke, mambo ya shule atayajua yeye." Wengine wakacheka, wala si kwa ubaya. Nilicheka nao, kisha nikainamia randa yangu. Sikumuuliza mtu mwingine tena.

Kwa hiyo nilianza na shule iliyoonekana. Ilikuwa juu ya barabara, ghorofa moja, rangi ya manjano, na lango la chuma. Nilimvalisha binti yangu gauni lake la Idi, nikamsuka mwenyewe. Kusuka nilikuwa nimejifunza kwa kumtazama jirani, na mistari yangu ilikuwa inapinda. Direktrisi, yaani mwalimu mkuu, alitupokea ofisini, akanipa fomu. Sikuielewa, maana ilikuwa ya Kiingereza. Akanionyesha kwa kalamu: hapa jina, hapa kazi, hapa saini ya baba, hapa saini ya mama.

"Maman wa mtoto atakuja lini?"

"Hayupo, Maman. Alifariki."

"Pole sana, Papa," akasema, na nadhani alisema kwa moyo. Kisha akapiga mstari pale pa mama, mstari ulionyooka kabisa, akaendelea.

Akamgeukia mtoto, akamuuliza maswali kwa Kiingereza, halafu kwa Kinyarwanda. Binti yangu alitazama viatu vyake. Direktrisi akangoja, akauliza tena, akaniangalia mimi.

"Haongei?"

"Anaongea. Nyumbani anaongea sana," nikadanganya. Akairudisha fomu kwenye droo, akasema nimlete tena akianza kujibu.

Tulipotoka langoni tulitembea mpaka karibu na soko. Ndipo mtoto akaniuliza, "Papa, ule maman alikuwa anauliza nini?"

"Kile cha kwanza sikukisikia vizuri," nilimwambia. Ukweli ni kwamba sikukielewa. Tulikuwa tumekaa wawili mle ofisini, baba na mwana, na hakuna aliyejua swali lile la Kiingereza lilikuwa lipi. Kama mama yake angekuwepo, njia nzima wangekuwa wanaliongelea.

Shule ya pili ilikuwa Mururu, mlimani, katikati ya mashamba ya mihogo na migomba. Ilikuwa imeanzishwa na mume na mke, wote walimu. Tulipanda pikipiki, mtoto akiwa kati yangu na dereva. Kwa kuwa sikujua kukagua masomo, nilikagua nilichokijua: nilipitisha kiganja kwenye madawati. Yalikuwa ya mkaratusi ambao haukukauka vizuri, mbao zimejikunja, na moja lilikuwa na msumari uliochomoza pale goti la mtoto linapokaa. Niliomba nyundo. Mwalimu wa kike akanipa jiwe, nikaupigilia nalo msumari mpaka ukazama. Yeye alichuchumaa mbele ya binti yangu, akamwambia kwa Kiswahili, "Papa yako ni fundi, eh?"

"Eh," mtoto akajibu.

Lilikuwa neno moja, lakini alimpa mtu asiyemjua. Nilitaka kumwandikisha palepale.

Mwalimu akanieleza kwamba darasa la kwanza husoma asubuhi tu. "Na muchana atarudi kwa nani?"

Nilifikiria karakana. Nilifikiria misumeno, vumbi la mbao, na yeye amekaa kwenye rundo la mbao mpaka saa kumi na moja, kama alivyokaa miaka miwili tayari, akikusanya maranda na kuyapanga kwa ukubwa. Nilimwambia mwalimu nitarudi. Alinisindikiza mpaka njiani, na nadhani alijua sitarudi.

Wiki ile alikuja shemeji yangu, dada wa marehemu. Anaishi Bukavu, anauza vitenge, anavuka daraja la mpakani la Rusizi I karibu kila siku, na akipata nafasi hupanda mpaka kwetu Kamembe. Alikuta nguo za mtoto zimeanikwa kwenye kamba, nyeupe zote zimekuwa na rangi ya kijani kwa sababu nilizifua pamoja na kanzu mpya ya kijani. Hakucheka. Alikaa kwenye kiti, akavua viatu.

"Shemeji," akasema, "umulete kwangu. Bale batoto bangu babili banasoma shule ya muzuri, ni hapo karibu na nyumba. Anatoka asubui nabo, anarudi nabo."

"Huyu ni mtoto wangu."

"Nani anasema hapana? Jumamosi atakuja, Jumapili atarudia. Bukavu ni mbali?"

Bukavu si mbali. Ukisimama nyuma ya nyumba yangu unaiona, mabati yake na rasi zake zilizoingia ziwani. Nilikaa siku tatu bila kumjibu. Siku ya nne nikafunga karakana, tukavuka.

Shule yenyewe ilikuwa ya matofali, kuta zimepakwa chokaa, na walisoma kwa Kifaransa. Madawati yalikuwa ya libuyu, ile mbao nzito itokayo Kongo, yameunganishwa kwa ndimi bila msumari hata mmoja. Niliinama kuyatazama chini. Nikiwa nimeinama hivyo nikasikia mtoto anacheka uwanjani, kicheko cha kukatika pumzi. Niliinuka kuangalia ni nani. Binti zake shemeji walikuwa wamemshika mikono, wanamzungusha, na aliyecheka alikuwa wangu. Nilikuwa nimesahau sauti hiyo. Nilisahau kiasi kwamba sikuitambua.

Nikamwandikisha.

Jioni yake, tukiwa nyumbani tunakunja nguo zake, aliniuliza, "Na weye Papa, utakula na nani?"

"Nitakula karakanani na wenzangu."

"Babo banarudia kwabo."

Nilimwonyesha jinsi ya kufunga zipu ya begi, ingawa alikuwa anajua.

Mwaka wa kwanza ulikwenda kama alivyosema shemeji. Kila Jumamosi saa sita nilisimama Rusizi I kati ya wachuuzi na wabebaji wa mizigo, nikimtafuta kwa macho kwenye daraja. Alikuja na maneno mapya kila wiki. Alihesabu vijiko kwa Kifaransa. Alinisahihisha matamshi ya neno *chaise*, mimi ambaye nimetengeneza viti maisha yangu yote. Nilikuwa natafuta sababu za kumfanya aongee, chochote, hata kama sikielewi.

Mwaka wa pili ulikuja ugonjwa ule uliofungia watu majumbani, na mpaka ukafungwa. Ulifungwa ghafla, katikati ya wiki, yeye akiwa upande ule. Shemeji alinipigia simu: "Usiogope, watafungua kesho kutwa." Hawakufungua. Ikapita wiki, ikapita miezi. Malori ya mizigo yalivuka, watu hapana. Niliwahi kushuka mpaka Rusizi I nikamweleza askari kwamba nina mtoto ng'ambo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole, "Mzee, kila muntu hapa iko na wake ng'ambo." Hapo sikuwa nimefika hata miaka arobaini.

Nilifanya kazi kwa sababu sikujua kitu kingine. Nilimtengenezea meza ndogo ya kusomea, nikikadiria urefu wake kwa mkono, mpaka hapa kifuani mwangu, labda na vidole viwili vya kukua. Alasiri nilisimama nyuma ya nyumba nikatazama Bukavu. Unaweza kuona moshi wa jiko la mtu kule, lakini huwezi kuona jiko ni la nani. Simu zetu zilikuwa fupi. Aliniambia amekula, amesoma, ameoga. Siku moja tukiwa tunaongea, kitu kilianguka upande wao, akageuza kichwa akaita, "Maman! Imevunjika!" Kisha akarudi kwangu, "Papa, uko?"

"Niko," nilimwambia.

Sikumlaumu. Mtoto anahitaji mtu wa kumwita. Lakini baada ya kukata simu nilikaa kwenye benchi la kazi mpaka mwanga ukatoka kwenye mbao, wala sikumbuki nilifikiria nini.

Walipofungua mpaka nilikuwa wa mbele kabisa. Alikuja na shemeji, amevaa barakoa, na mwanzoni sikumjua kwa sababu nilikuwa natazama chini, kwa urefu wa mtoto niliyemkumbuka. Alinipa mkono. Alinisalimia vizuri sana, kama anavyosalimiwa mgeni. Nyumbani alikaa kwenye meza niliyomtengenezea, magoti yakagonga ubao. "Ni ya muzuri, Papa," akasema, akakaa upande upande ili asinihuzunishe. Kesho yake niliipandisha miguu huku yeye amenishikia.

Tulipomaliza nilimuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi. Nilimwambia kwamba Mururu bado kuna ile shule ya walimu wawili, kwamba sasa ni mkubwa, anaweza kujifungulia mlango na kuningoja. Nilimwambia hata ile ya ghorofa tunaweza kujaribu tena, kwa kuwa sasa anaongea. Alisikiliza akizungusha bisibisi mkononi.

"Darasa yangu iko kule," akasema. Kisha kwa sauti ndogo, "Utakasirika?"

"Hapana."

"Kweli?"

"Kweli. Ni mimi niliyekuchagulia."

Akarudi. Sasa yuko darasa la mwisho la msingi. Anasoma vizuri, mwalimu wake ananiambia hivyo kwa Kiswahili ili nielewe, na anaongea mpaka binti zake shemeji wanamwambia anyamaze. Mama yake angefurahi, nina hakika. Kuhusu mimi, wenzangu wameacha kuniambia nioe. Nadhani wamezoea kuniona nikifungua karakana kabla ya wote na kuifunga wa mwisho.

Jumamosi huja. Tunapika, ananisomea ujumbe wa wateja kwenye simu, ananicheka jinsi ninavyokunja mashuka. Jumapili alasiri namsindikiza mpaka Rusizi I. Hupunga mkono mara moja, kisha huvuka, kwa sababu nyuma yake kuna watu wengi wenye mizigo. Pikipiki huniita, nazikataa. Narudi Kamembe kwa miguu, mlima wote ule, maana sina haraka ya kufika.