Mkanda wa Mjomba Abeid

"Wewe umemwona huyo ndege?" Ammi Salim, jirani yetu, aliniuliza.

Juzi huko Mbaraki nilimwona kijana akimpiga picha yangeyange, kisha akamwonyesha mwanawe picha papo hapo kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Nikaikumbuka alasiri ile. Nilikuwa na miaka saba. Mjomba Abeid, aliyependa kupiga picha za ndege, alikuwa amelala kifudifudi juu ya paa letu Kibokoni, kamera yake ya mkanda ameielekeza kwenye roshani ya jirani. Alisema mbayuwayu wamejenga pale. Mimi nilishika mkoba tu, nikinusa udi uliofukizwa chini.

Ghafla Ammi Salim, mwenye roshani, akatupandia akihema.

"Abeid, huna haya! Binti zangu wanaanua nguo vichwa wazi, nawe umewalenga na dude hilo!"

"Wallahi, ammi, ni mbayuwayu. Wana makinda."

Hapo ndipo aliponigeukia mimi. Nilitazama miguu yangu. Mjomba hakuningoja, aliifungua kamera, akauvuta mkanda wote nje, akampa.

Ammi Salim aliuinua juani, akauchunguza kipande kwa kipande.

"Simwoni mtu," alisema mwishowe, akaurudisha, akashuka bila kuaga.

Nilifurahi. Niliamini mkanda umemtakasa mjomba, ingawa nilipoutazama mwenyewe sikuona ndege pia.

Nilikuwa chuo kikuu nilipojua kwamba mkanda ambao haujasafishwa kwa dawa ukipigwa na jua, kila kilichokuwamo hufutika, wawe ndege au wawe binti za watu.