Mito ya Kulalia

Wanafunzi walimwita Kiguu na Njia, na hawakumsingizia. Alifundisha jiografia akizunguka kati ya madawati, alisahihisha madaftari amesimama dirishani, na hata chai ya saa nne aliinywa akitembea, nusu mdomoni, nusu sakafuni. Kiti chake katika chumba cha walimu kilikuwa kipya kuliko vyote. Mwalimu wa hesabu alishakigeuza kuwa pa kuwekea mkoba.

Kwa hiyo mwalimu mkuu aliposema maneno yake kikaoni, yalimchoma. Shule ilikuwa imepata projekta na intaneti. "Anayeweza kufundisha kwa mtandao, aendelee na darasa lake," mkuu alisema. "Asiyeweza simlaumu, ila mwakani nitamtafutia kazi nyepesi. Maktaba inahitaji mtu." Hakumtaja mtu jina, lakini wenzake wote walianza kutazama kucha zao, na anayetazamiwa kucha hahitaji kuambiwa. Kazi nyepesi! Maktaba yenyewe ilikuwa chumba chenye rafu mbili, dirisha lisilofunguka, na kiti. Kutwa nzima umekaa unangoja mtoto aje kuazima kitabu chenye kurasa zilizochanika.

Nyumbani kulikuwa na kiti kingine. Mumewe alikuwa dereva wa malori, mtu asiyelala mji mmoja mara mbili, na tangu astaafu kiti cha barazani kilikuwa kimemmeza mzima. Siku hizi alikuwa anabishana na redio. Mkewe alimpenda, hilo halina mjadala, lakini kila akipita pale mlangoni aliongeza mwendo. Aliogopa kukaa. Darasa lake la saba ndilo lililomsimamisha kwa miguu yake, na sasa lilikuwa linataka kuchukuliwa na mashine ya kumulika ukutani.

Akajikaza kisabuni. Binti yake mkubwa, aliyeolewa mbali, akamfundisha kwa simu.

"Mama, usibonyeze mara mbili!"

"Sijabonyeza. Imejibonyeza."

"Haya, umeona nini?"

"Nimeona kila kitu kimepotea."

Walipigiana kelele hivyo mpaka akaelewa. Akatafuta picha za mto, tangu unapozaliwa milimani mpaka unapoingia baharini: mto mchanga unaokimbia na kuruka mawe, mto mzima, na mto mzee unaojipindapinda bondeni. Akazitia zote kwenye flashi. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kungoja kuitwa, akaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kumkaribisha kipindini.

Siku ikafika. Mkuu akakaa nyuma ya darasa, miguu amepishanisha. Mapazia yakavutwa, projekta ikawaka, watoto wakakaa macho kodo. Kiguu na Njia akaingiza mkono mkobani. Akakuta kalamu, leso, pipi za kikohozi. Akapekua tena, kijasho chembamba kikimtoka. Asubuhi ile alikuwa amebadili mkoba ili apendeze mbele ya mkuu, na flashi ilikuwa nyumbani ndani ya ule wa zamani, imejipumzisha.

"Sawa," alisema kwa sauti ambayo haikuwa yake. "Tutatafuta papa hapa." Akaandika mto mchanga, akabonyeza.

Ukuta ukajaa mito ya kulalia. Midogo, ya waridi na ya samawati, yenye picha za sungura. Mito ya watoto wachanga, laini, haiumizi shingo.

Darasa likapasuka. Akajitia hamnazo, akaandika mto mzee. Ikaja mito mikubwa migumu ya wazee wenye maumivu ya mgongo, na babu mmoja mwenye mvi akitabasamu juu ya mmojawapo.

"Andika mto wa maji, Mwalimu!" mtoto mmoja akapaza sauti.

Akaandika. Ukatokea mto wa kulalia ambao ndani umejazwa maji, kwa wanaosumbuliwa na joto.

Hapo watoto walikufa kwa kicheko. Mmoja alilala juu ya dawati kabisa akijidai anakoroma. Hata mkuu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na mabega yake yalikuwa yanamsaliti. Kiguu na Njia alitazama ukuta, akatazama vidole vyake, akaliona lile dirisha la maktaba lisilofunguka. Akavuta kiti cha mwalimu, akakaa.

Kicheko kikakatika. Watoto hawakuwahi kumwona amekaa, wakaogopa. Wengine walidhani anaumwa.

Kwenye dawati la nyuma palikuwa na msichana mrefu ambaye huongea mwezi unapoandama. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, si kosa lako. Wanaouza mito ya kulalia wameandika. Sisi wenye mito ya maji hatujaandika kitu, sasa mtandao utaijuaje?"

Mwalimu akainuka ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Kesho," alisema, "viatu visivyoogopa tope. Tunakwenda mtoni."

Mkuu naye akainuka kwenda zake. Mlangoni alisema, "Jibu langu utalipata kikao cha kufunga shule."

Mto ulikuwa chini ya shule, mpana, wa kahawia, wenye kona nyingi na usio na haraka. Watoto walipokezana simu yake wakapiga picha kingo, kona, mchanga uliojikusanya. Maelezo waliyaandika pamoja ubaoni, yeye akisahihisha kila neno kwa ukali. Msichana mrefu ndiye aliyeyanakili kwenye kompyuta, na picha zikawekwa kwenye ukurasa wa shule.

Halafu ikaja kungoja, na huyu hakuumbiwa kungoja. Kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki aliandika mto mzee kwenye simu, akamkuta babu mwenye mvi anatabasamu. Aliandika kwenye foleni ya duka, aliandika akipika, akaunguza. Alianza kumchukia yule babu kama ndugu aliyemdhulumu shamba. Mumewe naye akaanza kuuliza kutoka barazani, "Bado wanalala?" Siku moja aliinuka kitini kabisa, akaja jikoni, akasema, "Hebu nami nijaribu." Babu alikuwepo. Lakini mume hakurudi barazani. Alibaki akimenya vitunguu, vibaya sana.

Siku ya kikao cha kufunga, mkuu aliwasha projekta. "Tuone," alisema, akaandika mwenyewe: mto mzee.

Mto wa kulalia. Mto wa kulalia. Babu. Kiguu na Njia, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alishika kitasa. Mkuu akashusha ukurasa taratibu, na pale chini ya babu maji ya kahawia yakajaa ukuta. Kwenye kona ya picha alikuwemo yeye, sketi ameikunja, viatu mkononi, kidole kinaonyesha kona ya mto. Hakujua kuwa alipigwa picha. Chini yake paliandikwa: *Mto mzee. Haukimbii tena kama zamani, unapinda huku na huku, lakini haukai.*

"Huo ni mto au ni wewe?" akauliza mwalimu wa hesabu, na chumba kizima kikacheka.

Alitaka kukasirika. Ubaoni aliandika "mwendo wake ni wa polepole", kama kitabu kinavyosema. Neno haukai halimo katika kitabu chochote cha jiografia, na alijua fika ni mkono wa nani ulioliweka. Lakini machozi yalikuwa karibu mno kuruhusu ugomvi.

Mkuu alizima projekta. "Maktaba bado inahitaji mtu," alisema. "Nitamtafuta kwingine. Darasa la saba libaki na mwenyewe." Akafunua karatasi zake. "Haya, Mwalimu, kaa basi tuendelee."

Mwalimu wa hesabu akauondoa mkoba wake kwenye kile kiti kipya.

"Nimekaa," alisema Kiguu na Njia, naye bado amesimama.