Bolti za Mama Mkwe

Mafundi wenzake walimwita Redio, na jina hilo hakulipata bure. Mezani nyumbani alikuwa mpole kama mtu yeyote, lakini ukimlaza chini ya gari na kumpa bolti yenye kutu, mdomo unafunguka. Aliitukana bolti, akamtukana aliyeifunga, akaitukana na mvua iliyoinyeshea, kisha akairudia bolti akianzia ukoo wake. Hakuwa na hasira. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kuvuta spana, kama wengine wanavyoguna wakibeba gunia. Wateja walishazoea. Dereva mmoja wa lori alikuwa akileta gari lake hata likiwa zima, mradi tu achangamke.

Mtu mmoja peke yake ndiye aliyemfanya Redio ashike ulimi: mama wa mke wake.

Mama huyo aliuza miche ya miti na maua, akiibeba kwenye pikapu kuukuu aliyoiendesha mwenyewe tangu mke wa Redio akiwa darasa la pili. Miaka yote ya ndoa ile hakuwahi kuileta pikapu hiyo kwa mkwe wake. Aliipeleka kwa fundi mzee upande wa pili wa mji. Redio aliijua sababu, au alidhani anaijua. Mwaka alipoposa, mama alikuja gereji kumwona huyo kijana anayesemwa, akasimama nyuma ya uzio wa mabati, na siku hiyo Redio alikuwa anapambana na gia boksi. Alipotoka chini ya gari akaambiwa, "Kulikuwa na mama mmoja hapa anakuulizia. Ameondoka." Tangu hapo, kila mama mkwe alipowatembelea, Redio alikaa kwenye ncha ya kiti, akajibu "ndiyo mama" na "hapana mama," kisha akaomba ruhusa akaangalie kuku. Hawakuwa na kuku.

Basi asubuhi moja pikapu ile ikaingia gereji, imelala upande kama mtu anayeumwa jino. Mama mkwe akashuka, viatu vimejaa udongo wa bustani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Yule fundi wangu amehamia kwa mwanawe. Springi ya huku imekatika. Nikikanyaga shimo, ndoo zote za miche zinakimbilia upande mmoja. Utaiweza?"

"Nitaiweza mama. Niachie tu, ikiwa tayari nitakuletea mwenyewe."

"Nitasubiri," akasema mama. Akashusha kreti tupu, akaipindua, akaikalia karibu kabisa na gurudumu la nyuma.

Redio akaenda kuleta jeki. Akapiga jeki, akaliweka gari juu ya stendi, akatoa gurudumu, akatandika kadibodi na kuingia chini. Huko akaona kazi inayomngoja. Springi ilishikwa na bolti tatu kubwa, moja mbele na mbili nyuma, na zote zilivaa kutu nene kama gome la mti. Maji ya kumwagilia miche yalikuwa yakichuruzika hapo miaka nenda, miaka rudi.

Akazisugua kwa brashi ya waya. Akazipaka mafuta ya kulainisha kutu, akaziacha zinywe. Kwa kawaida huu ndio wakati wa kuanza utangulizi. Leo alilala chali akitazama sakafu ya gari, kimya kama maji ya mtungi.

Za nyuma zilimsumbua lakini zikasikia. Alizikaza kidogo kwanza ili kutu ivunjike, ndipo akazilegeza taratibu, spana imevikwa bomba refu ili mkono upate nguvu. Fundi wa rangi akapita, akasimama, akainama kuchungulia.

"Vipi, leo umeme umekatika?"

Redio akamkonyeza kuelekea kwenye kreti. Fundi wa rangi akageuka, akamwona mama, akampa shikamoo ya haraka, akaondoka zake akiuma midomo. Muda si muda vichwa vikaanza kuchomoza nyuma ya kila boneti. Habari ilikuwa imeenea kwamba Redio anafungua springi na hasikiki.

Ya mbele ndiyo iliyokuwa bolti hasa. Nati ilitoka, lakini bolti yenyewe ikagoma kuchomoka, kwa sababu ilikuwa imegandana na kibomba cha chuma kilicho ndani ya mpira wa bushi. Redio akairudisha nati kidogo ili asiharibu hesi, ile mistari nati inamopitia, akapiga nyundo. Nyundo ikamrukia. Akapiga tena. Ndani ya kifua maneno yalijipanga foleni, na yeye akayameza moja moja. Bila maneno hata mkono aliuona mgeni; hakujua avute lini na apumzike lini.

Mwishowe akatoka, akaenda kuvuta mtungi wa gesi.

"Huo moto unaupeleka wapi?" mama akauliza.

"Kwenye ile bolti mama. Chuma kikipata joto kinaachia."

"Na tangi la petroli liko wapi?"

Redio akajikuna kisogo. "Liko… hapo pembeni yake, mama."

"Basi moto hapana."

Alikuwa anasema kweli, na Redio alilijua hilo hata kabla hajaugusa mtungi. Ni kuchoka tu. Akarudi chini, akaongeza mafuta, akakivika kichwa cha bolti spana kubwa na bomba lake, akatia mguu kwenye chasisi, akavuta kwa uzito wote wa mwili. Spana ikateleza. Vidole vinne vikagonga chuma.

Yakatoka. Yalitoka yote ya tangu asubuhi, kwa mpangilio, ukoo kwa ukoo, na hakuna aliyesahauliwa. Katikati ya maneno hayo Redio alikuwa ameshaivika spana tena na anavuta bila hata kufikiri, na bolti ikalia kriii, ikazunguka.

Vichwa vyote vikazama nyuma ya boneti. Redio akafumba macho. Aliona ni afadhali abaki huko chini mpaka azeeke.

"Umeumia?" ikaja sauti ya mama mkwe.

"Kidogo mama. Nisamehe sana mama."

"Imezunguka?"

"Imezunguka. Robo."

"Basi usiiache ikapoa, iendeleze. Na mdomo huohuo."

Redio akatoa kichwa. Mama alikuwa amechutama, anampa kitambaa safi cha kufungia vidole. Hakuwa amekunja uso.

"Mume wangu hakuwa na maneno," akasema kwa sauti ya chini. "Akikasirika, ananyamaza mwezi mzima. Watu wakimsifu, mtu mpole yule. Sisi ndani tulikuwa tunatembea kwa vidole. Siku ile nilipokusikia kwenye uzio nilirudi nyumbani nikamwambia binti yangu, huyu anayamaliza kazini, olewa naye."

"Mbona basi mama… hukuwahi kuniletea gari?"

"Kila nikija kwenu unakaa kama mtu aliyeitwa polisi! Nikaona niache mtoto wa watu apumue walau akiwa kazini kwake."

Redio akakipokea kitambaa. Akafunga vidole, akaingia tena chini. Safari hii hakuchagua maneno, na nyundo ikapata mahali pake. Mama akacheka, mara moja tu, akaziba mdomo kwa mkono. Bolti ikatoka ikilalamika mpaka mwisho, imeliwa katikati ikawa nyembamba kama mfupa wa kuku. Jua lilikuwa limegeuka kabla springi nyingine haijakaa sawa, na bushi mpya, na bolti mpya zilizopakwa grisi.

Mama akalizungusha gari gerejini, akalipitisha makusudi kwenye shimo la mlangoni, akapunga mkono dirishani na kwenda zake.

Jioni mke wa Redio alimfungulia mlango akiwa anacheka peke yake.

"Mama amenipigia simu."

"Amesema nini?"

"Gari limenyooka, anashukuru sana. Ila kuna neno moja ulilisema, eti miaka yote ya barabarani hajawahi kulisikia. Anataka nimweleze maana."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia Jumapili tunakwenda kula kwake, akuulize mwenyewe."