Leo Nimeazima Mpaka Saa ya Ukutani

Wenzangu, leo nimejiumbua kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwanangu Hamisi, yule wa chuo kikuu Kampala (ndiyo, nasema tena!), ameomba ufadhili. Likizo hii anataka akajifunze kazi Dar es Salaam, katika ofisi ya Baraza la Kutunga Sheria.

Asubuhi bwana wa ufadhili akaja hapa Ngamiani kuona hali yetu.

Kabla hajafika nikasema mgeni huyu hatakuta unyonge kwangu. Zulia nikaazima, saa ya ukutani nikaazima, vikombe vya maua pia. Mkononi nikavaa bangili za dhahabu za shoga yangu Bi Zena.

Bwana akanywa chai, akatazama huku na huku, akafunga daftari.

"Mama, ufadhili huu ni wa wasiojiweza. Nyinyi Mungu amewajalia."

Hamisi, aliyekaa kando yangu, akainuka kumsindikiza mgeni. Heri angenigombeza!

Ikabidi nivue bangili mbele ya mgeni.

"Bwana, hizi si zangu. Zulia si langu. Saa nayo..."

Bi Zena, kumbe anachungulia dirishani: "Na vikombe, shoga! Umevisahau!"

Jamani, uso nikauweka wapi?

Bwana akauliza, "Basi kilicho chako ni kipi?"

"Kitanda cha kamba," nikasema, nikamshika Hamisi bega, "na huyu."

Akafungua daftari, akaandika jina la Hamisi.

Mwanangu anakwenda Baraza! Lakini mimi sijatoka nje tangu saa hiyo.

Vitu vyenu viko tayari, njooni mchukue. Ila leo msinicheke, nichekeni kesho.